Mto Mtulivu Kuliko Yote

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika pale ofisini. Walimwita Bi Wastani, na hata mlinzi wa getini alipotaka kumwambia ana mgeni alimwita hivyo hivyo. Jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake katika kitengo cha takwimu za mito ilikuwa kupokea vipimo vya kina cha maji kutoka vituoni, kuviingiza kwenye kompyuta, na kuvinyoosha. Kunyoosha ndilo lilikuwa neno lao. Kipimo kikija kimeruka mno, kompyuta iliuliza kama hilo ni kosa la mkono, na yeye akabonyeza ndiyo, kikarudishwa kwenye wastani. Kisipokuja kabisa, kompyuta haikuvumilia kisanduku kitupu. Ikifika saa ya kutangaza, ilijaza wastani wa miaka iliyopita, ikaupeleka redioni, na kuendelea na safari yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema mkuu wa kitengo siku aliyouleta utaratibu huo, na watu wakampigia makofi. Walikuwa wamechoka kuwapigia simu wasomaji wa vituo ambao kila siku hawana salio. Hakuna aliyeuliza ufa unazibwa kwa udongo gani.

Matokeo yake yalipendeza macho. Mchoro wa mto uliopita katikati ya mji wao ulinyooka mwaka hadi mwaka, na ripoti ya makao makuu ikauita mto mtulivu kuliko yote nchini. Mkuu aliikata sentensi hiyo, akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya birika la chai. Manispaa nao waliisoma ripoti. Wakaona hakuna haja ya kuacha uwanda wa chini ukae mtupu na watu wanalilia nyumba, wakapima viwanja mpaka pale ambapo mwanamke akimwaga maji ya vyombo yanaingia mtoni. Kukawa na Mtaa wa Chini. Kituo cha pili cha kupimia, kilichokuwa kati ya mlima na mji, kikafungwa, kwa kuwa takwimu zake zilifanana na za cha kwanza, Kituo cha Juu cha mlimani, kama mapacha. Zingeachaje kufanana, na zote zilinyooshwa na mkono mmoja?

Mama yake Bi Wastani alihamia Mtaa wa Chini miongoni mwa wa kwanza. Nyumba alichaguliwa na binti yake mwenyewe, vyumba viwili na kibaraza kinachotazama maji. Majirani walipouliza kama haogopi, mama alicheka. Alikuwa na watoto wawili, na wote wawili, alisema, waliajiriwa na mto ule: wa kike anauangalia ofisini, wa kiume anaupima mlimani. "Mimi mto huu utanifanya nini? Huu ni mkwe wangu."

Wa kiume ndiye Kitinda, kitinda mimba, mtoto wa mwisho aliyelelewa kwa mkate wenye siagi pande zote mbili. Alikuwa mcheshi, mwenye moyo mzuri, na mvivu kuliko paka wa mchinja nyama. Dada yake ndiye aliyemtafutia ile kazi ya kusoma kipimo Kituo cha Juu. Haikuwa kazi ya kumvunja mtu mgongo. Asubuhi na adhuhuri ashuke njia ya mawe hadi ukingoni, atazame nguzo iliyopakwa rangi na nambari, asome maji yamefika wapi, apande, atume ujumbe. Lakini njia ile ilikuwa na mteremko mkali na umande, na kitanda cha Kitinda hakikuwa na mteremko wala umande.

Bi Wastani aligundua kwamba vipimo vinatungwa kitandani siku mdogo wake alipotuma kipimo cha adhuhuri kabla hajatuma cha asubuhi. Alimpigia simu, akamkaripia mpaka sauti ikamkauka. Kitinda akaomba radhi, akamchekesha, mambo yakaisha. Mama yao alikuwa na msemo wake kwa watu wa namna hiyo, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, ila hakuwahi kuutumia kwa Kitinda. Basi na dada akafanya kama mama. Damu nzito kuliko maji, alijiambia, na tena vipimo vya uongo vya Kitinda vilikuwa vizuri kuliko vya kweli vya wengine: mita mbili nukta moja nne, mita mbili nukta sifuri tisa. Havikumpa kazi ya kunyoosha.

Ndivyo walivyoishi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeumia.

Kisha ikaja habari ya wakaguzi. Mkuu alimwita Bi Wastani, akamwonyesha mchoro wa Kituo cha Juu, akasema umenyooka mno. Mto si kamba ya kuanikia nguo. Wakaguzi wakiona hivi watauliza maswali. Hakusema zaidi, na Bi Wastani hakuhitaji zaidi. Jioni ile alimpigia mdogo wake, akamwambia vipimo vyake vimekuwa kama uji wa mgonjwa, havina ladha, avitie chumvi kidogo. Leo apandishe, kesho ashushe, mradi asipitilize. Kitinda alicheka sana. Akasema dada, hata uongo nao una mitihani?

Ikaanza wiki ya mvua. Mjini yalikuwa manyunyu tu, ya kuwaudhi wenye viatu vyeupe. Mlimani hakuna aliyejua, kwa sababu aliyewekwa kule ili watu wajue alikuwa Kitinda.

Asubuhi moja Bi Wastani aliwasili, akatundika mwavuli, akawasha kompyuta, na simu ikaingia ujumbe. Aliusoma akiwa bado amesimama.

"Dada maji karibu sita. Sioni vizuri, nguzo inatikisika."

Alikaa chini, akafyonya. Mstari mwekundu, ule wa kupigia king'ora na kuwahamisha watu wa Mtaa wa Chini, ulikuwa mita nne. Katika miaka yote hakuna kipimo kilichowahi hata kuukaribia. Huyu mtoto, alijisemea, nimemwambia atie chumvi, yeye kamwaga gunia zima. Na maneno juu yake, nguzo inatikisika, kana kwamba anaandika mchezo wa kuigiza. Wakaguzi walikuwa njiani, naye anafanya mzaha. Bi Wastani alikasirika kweli kweli, hasira ile ya dada mkubwa ambaye siku zote ndiye anayefagia nyuma ya wengine.

Akamjibu: "Acha utani. Rudi ukasome tena, na safari hii usome vizuri."

Jibu lilikawia kidogo. "Haya dada. Nashuka."

Afadhali, aliwaza. Aliingiza sita ili kompyuta imuulize kama kawaida, nayo ikamuuliza. Kosa la mkono? Ndiyo. Ikaweka mita mbili nukta mbili. Redio ya mji ikaitangaza baada ya taarifa ya habari, kama ilivyofanya kila siku, katikati ya bei za vitunguu na matangazo ya vifo.

Asubuhi ikaendelea na shughuli zake. Watu walinywa chai, mtu wa usafirishaji akasimulia habari ya shemeji yake, wote wakacheka. Bi Wastani alicheka pamoja nao, ila sikio moja lilikuwa kwenye simu. Kitinda hakutuma kitu. Akikasirika huwa ananyamaza, alijiambia, ngoja anune huko, atarudi.

Aliporudi mezani alianza kuzipitia jumbe za mdogo wake, azifute zile ambazo mkaguzi hakupaswa kuziona. Alizipandisha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Mbili nukta moja nne. Mbili nukta mbili sita. Mbili nukta sifuri nane. Miaka na miaka ya nambari safi zilizokatwa kama kwa wembe, kila moja na tarakimu zake mbili baada ya nukta. Kitinda hakuwahi hata mara moja kuandika neno karibu. Kitandani huna haja ya karibu. Kitandani unaona vizuri.

Kidole kilisimama. Alirudi chini kabisa, akausoma ule wa asubuhi upya, polepole, kama mtu anayesoma barua ya daktari. Sioni vizuri. Mtu anayetunga hasemi haoni. Mtu anayesema haoni ni mtu aliyekwenda kutazama.

Aliogopa. Haikuwa hofu ya wakaguzi. Alipiga ile nambari aliyoijua kuliko yake. Simu ya Kitinda haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akakumbuka yeye ndiye aliyemwambia arudi, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mdogo wake alikuwa ametii bila kubishana.

Mkuu alikuwa anapanga mafaili kwa ajili ya wageni. Bi Wastani aliingia bila kubisha, akamwambia kipimo cha asubuhi si cha kweli, king'ora kipigwe sasa hivi, maji ya mlimani huchukua nusu siku kufika mjini na saa zinakwenda. Mkuu akamwambia akae. Hakukaa. Akamwekea simu mezani, jumbe zote, pamoja na zile alizotaka kuzifuta, na mkuu akavaa miwani akasoma kimyakimya, akipandisha na kushusha. Alipoinua uso rangi yake ilikuwa imebadilika.

"Huyu ni nani wako?"

"Mdogo wangu, Mkuu. Tumbo moja."

"Na miaka yote hii anatunga."

"Ndiyo."

"Leo ndiyo kasema kweli."

"Ndiyo, Mkuu."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu hakuona vizuri."

Mkuu alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. Hakuwa mtu mbaya, na tusimwonee. Aliyemtangulia katika kiti kile alipiga king'ora bure, watu wakakanyagana darajani, na yeye akahamishwa akahesabu mbuzi mpakani mpaka alipostaafu. Kanuni iliyowekwa baada ya hapo ilitaka vipimo viwili mfululizo juu ya mstari mwekundu. Hapa hakikuwapo hata kimoja. Kilikuwapo cha mita mbili na ushei, kilichothibitishwa na Bi Wastani mwenyewe, na ujumbe wa mtu ambaye kwa ushahidi wa dada yake hajawahi kusema kweli.

Akampa neno ambalo aliliona la haki. "Tusubiri cha saa sita. Kikija kimevuka mstari, kitufe nabonyeza mimi mwenyewe, hata kama kimoja hakitoshi."

"Kitakuja, Mkuu," alisema Bi Wastani. "Kitakuja hata kama hakuna aliyekituma."

Mkuu alikuwa ameshaanza kupiga simu kutafuta gari la kumpeleka mtu akatazame. Pengine hakusikia. Pengine alisikia, lakini akili ya mtu haikubali upesi kwamba ukuta anaouegemea ni moshi.

Bi Wastani alirudi kwenye kompyuta, akaandika sita. Kosa la mkono? Hapana. Ikamwomba idhini ya mkuu. Akaandika tano. Ikamwomba idhini. Alichukua pochi, akauacha mwavuli, akatoka.

Dereva wa pikipiki aliyemchukua alitaka kujua kuna msiba gani. Alimwambia akimbize tu. Njiani alimpigia mama, lakini simu ya mama hukaa kabatini chini ya kanga ili isichakae, na ililia huko peke yake. Walipofika juu ya ngazi za kuteremkia Mtaa wa Chini aliusikia mto kabla hajauona. Haukuwa na kishindo. Ulikuwa unanguruma kwa chini, mfululizo, kama kinu cha kusaga kilicho mbali, na watoto waliokuwa wanacheza pale hawakushughulika nao. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali. Yalikuwa yanapita na mlango mzima, wenye bawaba zake na komeo lake.

Majirani walikuwa wamekaa barazani wakiyatazama, wengine na vikombe mkononi. Wakamwamkia kwa furaha. Wakamwambia asubuhi waliingiwa na wasiwasi, wakamfuata mama yake, naye akawatuliza: kama kuna jambo, mwanangu angesema. Na kweli wakasikia redio, mita mbili na kitu, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Bi Wastani aliwaambia watoke, wachukue watoto wapande juu. Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu kama king'ora kimeharibika.

Mama alikuwa kibarazani anakunja nguo, redio yake ndogo kando. Alifurahi kumwona binti yake siku ya kazi, akataka kwanza ampe chai. Bi Wastani akamshika mikono yote miwili.

"Mama, twende juu. Ile namba ya asubuhi niliiandika mimi."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Niliitunga, mama. Kitinda alisema karibu sita."

Mama alimtazama usoni, na pale ndipo Bi Wastani alipolipa sehemu ya kwanza ya deni lake, maana alimwona mama yake akimwamini. Hakuuliza kwa nini. Hakumlaumu. Aliinuka, akajifunga kanga, akachukua redio kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono, wakaanza kupanda. Baadhi ya majirani, walipomwona mama ameondoka, wakanyanyua watoto wakamfuata nyuma. Wengine walibaki. Walisema watakuja wakisikia king'ora.

Ngazi zilikuwa nyingi na mama alikuwa na mguu mbovu. Katikati alisimama apumzike, na hapo akauliza lile ambalo binti yake alikuwa analikimbia tangu ofisini.

"Na yeye Kitinda yuko wapi sasa?"

"Yuko kituoni."

"Juu nyumbani, au chini kwenye nguzo?"

Bi Wastani alisema wapande kwanza, wataongea juu. Mama hakuondoka. Alikuwa amemzaa, alijua anapokwepa. Uso wake ulianza kuvunjika taratibu, na mkononi mwake redio ikapiga mlio wake wa saa sita. Mtangazaji akasoma kwa sauti ileile ya bei za vitunguu. Hali ya mto adhuhuri hii. Kituo cha Juu, mita mbili nukta moja moja.

Mama alishusha pumzi ndefu. Akafumba macho, akamshukuru Mungu, na alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi na kicheko.

"Umesikia? Katuma. Mtoto yule atakuja kuniua kwa presha."

"Mama."

"Hiyo si yako, wewe uko hapa na mimi. Hiyo ni yake mwenyewe. Kashuka, kasoma, kapanda, katuma." Akamfuta binti yake jasho kwa ncha ya kanga. "Na maji yamepungua. Umechoka tu, mwanangu, kazi imekuwa nyingi. Twende ukale."

Nyuma yao majirani nao walikuwa wamesikia. Mzee mmoja alicheka, akamteremsha mjukuu wake mgongoni. Wanawake wakageuka na mabunda yao, wakaanza kushuka wakiulizana nani aliacha sufuria jikoni. Mama naye aligeuka, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akautanguliza chini ule mguu mbovu.

Bi Wastani alimshika bega. Lilikuwapo jambo moja tu la kumzuia, na hakuna mwingine wa kulisema.

"Mama, usishuke. Hakuna mtu aliyeituma."

Mama alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi ya chini, akingoja amalizie. Watu waliendelea kuwapita wakishuka, wakimshukuru mama kwa kuwatuliza.